Kibwawa nyuma ya nyumba Manyatta kimejaa mbu, nimwage dawa gani?

JaManyatta (mwanzilishi wa uzi)
Wadau, habari za jioni. Nina kibwawa nyuma ya nyumba hapa Manyatta, Kisumu. Urefu mita nne, upana mita tatu, kina kinafika mapajani. Nilikichimba nifuge ngege (tilapia) wa kula nyumbani. Sasa hakina samaki, kina mbu tu. Asubuhi jua likishatoka ukiinama unaona viluwiluwi vya mbu vimejaa pembeni kwenye nyasi, maji yanachezacheza. Ikifika saa moja jioni hatukai nje, na ndani watoto wanajikuna usiku kucha. Jirani amekuja kulalamika, na juzi akataja afisa wa afya. Tangu siku hiyo sina usingizi.

Naomba mniambie dawa ya kumwaga iue haraka, kabla ya Jumamosi. Tafadhali msiniambie nikifukie. Nimetoa jasho na pesa pale, sikifukii.

NyarKano
Pole sana ndugu yangu. Mimi nimezaliwa Ahero, ubavuni mwa mashamba ya mpunga, mbu tumekua nao. Kifungua mimba wangu aliwahi kushikwa na degedege la malaria usiku wa manane, tukambeba kwa pikipiki hadi hospitali huku mvua inanyesha. Alipona, lakini hadi leo nikisikia mtoto anapumua haraka moyo wangu unaruka. Huyu mdogo amebahatika, amepata chanjo ya malaria. Ilianza kutolewa hapa kwetu Kenya mwaka 2019, Septemba, kule Ndhiwa, Homa Bay. Watoto wako wamepata? Hudungwa miezi 6, 7, 9, halafu ya mwisho wakishapita mwaka mmoja. Usiiache hiyo ya mwisho, wengi huisahau.

JaManyatta
Asante dada. Mdogo amepata tatu za kwanza. Lakini swali langu ni bwawa.

FundiWavu
Ndugu, anza na nyumba. Weka wavu madirishani na uzibe pale ukuta unapokutana na mabati, maana mbu wa malaria hupenda kuingilia hapo. Halafu angalia neti kama haijatoboka. Mtoto akilala ameegemea neti, mbu humuuma kupitia matundu, ndiyo maana wanajikuna. Mimi nafanya kazi hii Kondele, nimeona nyumba nyingi zina neti nzuri lakini imefungwa juu sana, pembeni haiingii chini ya godoro.

Mzee_Siaya
Vijana wa leo mnachimba mashimo bila kufikiria. Zamani boma lilifagiliwa kila asubuhi, nyasi zinafyekwa, hakuna chungu kinachoachwa na maji. Kabla ya kuuliza dawa, zunguka boma lako. Tairi kuukuu, debe, mfereji wa mabati ulioziba, hata alama za kwato za ng'ombe zikijaa maji ya mvua, mbu hutagia humo.

SatoMtamu_Mwanza
Mkuu, salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Bwawa la samaki halina samaki, utalaumu mbu kwa kupata nyumba tupu? Rudisha sato humo, ndio hao ngege wenu. Wadogo ndio wazuri, wanakula viluwiluwi kama karanga. Ila usiwashibishe chakula cha dukani, wakishiba hawahangaiki na mbu. Tena kata nyasi za kingo, maana samaki haingii kwenye vichaka vya pembeni na mbu wanajua hilo.

JaManyatta
Samaki nimeshajaribu, hawakufaa. Walikufa. Ndiyo maana nauliza dawa.

Daktari_wa_Mifugo_Kakamega
Walikufa kwa nini? Ngege ni samaki mgumu. Huvumilia maji ya moto, maji machafu kiasi, hata hewa ikipungua usiku anakuja juu kuhema. Wote wakifa kwa pamoja, kuna kitu kiliingia kwenye maji.

JaManyatta
Sijui. Labda mbegu ilikuwa mbaya. Tuachane na samaki jamani, nani anajua dawa?

MamaPendo_Nyalenda
Walikufa wote siku moja au mmoja mmoja? Jibu hilo kwanza. Ukienda zahanati daktari hakuandikii dawa kabla hujasema unaumwa wapi.

JaManyatta
Sawa. Nilimwaga oili chafu. Kidogo tu, kopo moja, nilipewa na kijana wa gereji. Viluwiluwi hupumua kwa kuja juu ya maji, oili ikitanda vinakosa hewa. Si mimi niliyebuni, babu yangu alikuwa anamwaga mafuta ya taa kwenye madimbwi na aliishi hadi uzee. Na ilifanya kazi, wiki ile mbu walipungua. Samaki ndio hawakuvumilia. Tatizo ni kwamba ilikuwa kidogo. Nimeshanunua nyingine ya kutosha, iko mlangoni kwenye mtungi wa lita 20. Nilikuwa nataka kujua tu kama kuna kitu bora kuliko hiyo, la sivyo namwaga hiyo hiyo.

MamaPendo_Nyalenda
Usimwage!

Mbita_Maji
Naomba niandike kwa urefu, maana hili nalijua kwa mikono yangu. Niliwahi kufanya kazi ya kuchota maji na kuhesabu viluwiluwi maeneo ya Mbita.

Ndugu, ni kweli oili huwanyima hewa. Lakini utando wa oili hauendi kila mahali. Upepo huusukuma upande mmoja, na kwenye nyasi za ukingo unakatika. Pale pale ndipo viluwiluwi vilipo, umesema mwenyewe. Halafu oili iliua wengine: samaki, watoto wa kereng'ende, wadudu wa majini, hao wote ni wawindaji wa viluwiluwi. Mbu jike hurudi kutaga papo hapo, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi mbili, joto letu likiwa kali ni haraka zaidi. Kereng'ende huchukua muda mrefu zaidi kurudi. Kwa hiyo uliwafagilia mbu uwanja. Wingi unaouona sasa umetokana na kopo lile.

Kama unataka kitu cha kuweka majini, kipo. Ni bakteria wa udongoni anaitwa Bacillus thuringiensis israelensis, watu humfupisha Bti. Aligunduliwa 1976 katika jangwa la Negev, Israel. Huuzwa kama unga au chenga. Kiluwiluwi hula kila kinachoelea, akimla huyu sumu yake huharibu utumbo, anakufa ndani ya siku moja au mbili. Samaki, chura, bata na binadamu hawadhuriki. Mambo mawili tu. Kwanza, hakai majini muda mrefu, inabidi kurudia kila wiki. Pili, mbu akishafika hatua ya mwisho kabla ya kuruka, yule anayejikunja kama nukta ya mkato, huwa hali kitu, kwa hiyo hafi. Usione hao wamebaki ukadhani dawa ni bandia.

Na samaki wanafaa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo kutoka mabwawa yaliyoachwa kule Kisii. Ngege walipowekwa, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya asilimia 94 ndani ya wiki 15. Bwawa lililoachwa bila samaki mbu walizidi kuongezeka. Huku kwetu tuna mengi ya namna hiyo. Mnakumbuka ule mpango wa serikali wa 2009, mabwawa 200 kila eneo bunge, mita 300 za mraba kila moja? Mengi yalikauka, mengine yamebaki madimbwi ya mbu.

JaManyatta
Nakushukuru mzee wangu, umeeleza vizuri. Lakini hiyo Bti nitaipata wapi kabla ya Jumamosi? Oili ninayo tayari na nimeilipia. Nikishamwaga hii, mbu wakaisha, ndipo nitafuata ushauri wako.

Jicho_Nakuru
Wenzangu, ngojeni kwanza. Mimi naushuku uzi huu kuwa tangazo la biashara.

Huu ni mwezi wa kiangazi. Ndugu zangu wako Kisumu na wanasema vumbi tupu. Bwawa lililochimbwa kwenye udongo, bila turubai, maji ya mapajani yametoka wapi? Tena kila anapoulizwa anatoa nusu jibu, halafu hiyo "kabla ya Jumamosi" haina maelezo. Nimesoma nyuzi za aina hii. Mtu analia, mwingine anataja dawa kwa jina la kisayansi, kesho anatokea wa tatu na namba ya simu na bei. Samahani Mbita_Maji kama nakukosea.

SatoMtamu_Mwanza
Kweli mkuu, mie nilishaanza kumhurumia!

Mbita_Maji
Sina cha kuuza. Ila swali la maji ni zuri, nami nalirudia: yanatoka wapi?

NyarKano
Msimwonee. Mtu akiwa na hofu hueleza vipande vipande. JaManyatta, jibu tu.

JaManyatta
Mimi si mwongo na siuzi kitu. Viluwiluwi vyangu vingi vinalala sambamba na uso wa maji, vichache vinaning'inia kichwa chini. Mtu wa kubuni angejua hilo?

Maji nachota kisimani. Kuna kisima cha kuchimbwa kwa mkono, kiko kwa jirani, tunatumia nyumba kadhaa. Kila jioni naongeza ndoo chache kwenye bwawa.

Daktari_wa_Mifugo_Kakamega
Kisima kiko umbali gani kutoka bwawani?

JaManyatta
Si mbali. Hatua kama kumi na tano. Lakini bwawa liko upande wa chini kidogo.

MamaPendo_Nyalenda
Na jirani analalamikia nini hasa? Mbu?

JaManyatta
Mbu pia. Lakini anasema maji ya kisima yananuka gereji. Mimi nimeyanusa, sisikii kitu. Na kopo moja haliwezi kufika kule. Alisema nisipolitatua hadi Jumamosi anamleta afisa. Sasa nilifikiri mbu wakiisha, atatulia na haya mengine yataisha.

MamaPendo_Nyalenda
Nilijua. Mimi nakaa Nyalenda, visima vyetu ni vifupi kama vyenu, ukichimba kidogo umeshakutana na maji. Hata choo cha jirani kinatutia hofu. Huyo mama ana watoto? Wanapikia maji hayo?

JaManyatta
Ana mjukuu anayenyonyeshwa na mama yake. Wanapikia, ndiyo.

Daktari_wa_Mifugo_Kakamega
Basi suala la mbu lisubiri. Oili ya injini iliyotumika ina metali na masalio ya mafuta yaliyoungua. Kuchemsha maji hakuyaondoi. Klorini haiyaondoi. Pua yako isikudanganye, wewe umekaa karibu na mtungi huo. Usiku huu huu waambie nyumba zote zinazochota pale waache kunywa na kupikia hadi maji yapimwe. Na wewe acha kuchota, kila ndoo unayoitoa kisimani na kuimwaga bwawani inavuta maji ya ardhini kuelekea kisimani na kuyasukuma yatoke bwawani.

Mzee_Siaya
Mwanangu, nilikukemea mwanzo kwa nyasi, sasa nakwambia kwa upole. Mwendee afisa wa afya wewe kabla hajaletwa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu maji yenye viluwiluwi kuwa kero, anaweza kukuamuru uyaondoe. Lakini aliyejipeleka mwenyewe husikilizwa tofauti. Ofisi za kaunti zina watu wa maji wanaoweza kuchukua sampuli.

JaManyatta
Nikienda si najifunga mwenyewe? Naweza kuyatoa maji yote kwenye mtaro usiku, nikaanza upya na samaki, hakuna atakayejua.

Mbita_Maji
Mtaro wa Manyatta unaenda mto Auji, na Auji unaishia ziwani. Utakuwa umewamwagia watu wengi zaidi.

Fanya hivi. Utando wa juu ufyonze kwa maranda ya mbao au magunia makavu, yatie kwenye mtungi wenye kifuniko. Usiyachome. Gereji zinazokusanya oili ya kuuza tena zitapokea mtungi wako wa lita 20. Maji yaliyobaki yaache pale hadi afisa aseme. Kwa siku hizi chache, viluwiluwi vichote kwa chujio la chai au kitambaa cha neti kuukuu kilichofungwa kwenye waya, ukipitisha ukingoni asubuhi na jioni. Ni kazi, lakini bwawa la mita nne mtu mmoja analimudu. Nyasi za ukingo zikate leo. Udongo uliolowa oili pembeni utauchimba na kuutoa baadaye, ukiuacha utavuja tena mvua za Machi zikianza.

NyarKano
Na kwa huyo mama usiende mikono mitupu. Nunua mitungi miwili ya maji ya bomba, mpelekee, ndipo umweleze. Usianze na mbu. Anza na oili.

Jicho_Nakuru
Naondoa neno langu la tangazo. Ila bado sikuelewa kwa nini hukusema kisima tangu mwanzo, ungeokoa muda wa watu wote.

JaManyatta
Kwa sababu nilijua mtaniambia haya.

Nimetoka kwa jirani sasa hivi. Maji amepokea. Amenikalisha chini akasema mengi, mengine siyaandiki. Mwishowe akasema tutaenda pamoja kwa afisa kesho asubuhi, na mtoto wake wa kiume ameshafunga kamba ya kisima. Nyumba nyingine zimeambiwa. Mtungi wa oili nimeuweka kwenye bati, kijana wa gereji anaujia.

Swali moja: afisa akiruhusu bwawa libaki, niweke ngege wangapi? Safari hii nataka nitandike turubai chini.

Mbita_Maji
Kwa mita 12 za mraba, watatu kila mita, yaani kama 36. Lakini usiweke hata mmoja kabla ya udongo ule kutoka na turubai kulala. Ukifika hapo anzisha uzi mwingine, tutakuelekeza maji ya kujazia.

SatoMtamu_Mwanza
Mkuu Mbita_Maji, na sisi wenye matangi ya simenti, hiyo Bti ni kipimo gani kwa maji?

Mbita_Maji
Fuata kilichoandikwa kwenye pakiti, kila aina ina nguvu yake. Lakini tangi la simenti lifunike tu kwa wavu, hutahitaji dawa.