Mliofanya kazi kwenye bomba la mafuta Chemba, Kondoa na Singida, tupeane uzoefu

Habari zenu wakuu. Niko Dodoma mjini ila kwetu Chemba. Mdogo wangu kaolewa Lindi, ananiuliza ule mradi wa gesi ya bahari kuu ukianza kujengwa Likong'o wao wanawake na wenyeji wajipange vipi, nikaona sisi tuliopitiwa na bomba la EACOP, lile la mafuta ghafi ya Uganda, ndo wa kuwaambia, maana kati ya kilomita 1,443 za kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani Tanga, 1,147 ziko kwetu.

Naanza mimi. Nilianza kwa kushika kibendera barabarani, malori yanapita vumbi linakujaa mpaka kwenye meno. Wanawake wote tuliwekwa huko au jikoni. Nikamwomba fundi mmoja wa rola, ule mtambo wa kushindilia barabara, anifundishe saa ya chakula, akakubali, wenzangu wa kiume wakasema napoteza muda. Mkataba ulivyoisha nikaenda Veta, chuo cha ufundi, nikachukua cheti cha rola, leo ndo kazi yangu. Laiti ningekua na cheti kabla mradi haujaja!

— Kondoa hapa. Mkuza, yani ukanda wa kupitisha bomba wenye upana wa mita 30, ulikata shamba letu la alizeti. Siku ya kusaini fidia walimtaka na mama awepo, mzee akanuna kweli, kwamba shamba ni lake mke anahusikaje. Lakini mama alivyojua kiasi kilichoingia aligoma isinunuliwe pikipiki, tukanunua shamba lingine. Jirani yetu alifanya siri, hela ikaisha na mke hajui hata ilikua shilingi ngapi, inaniuma mpaka leo nikiona wale watoto.

— Mimi kijana wa Kisandawe, naongea kwa uchungu. Kazi za kibarua zilisemwa ni za wanakijiji, unapeleka barua ya utambulisho kutoka kijijini. Kwetu barua zikauzwa, wakaja watu hatujawahi kuwaona wana barua za kijiji chetu na sisi tunakaa nje ya geti kuanzia saa 11 alfajiri. Waambie wa Lindi majina yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wazee, kila mtu asikie. Hilo tu.

— Mama lishe Singida. Nilitaka kuuza mboga kambini, wakaniambia lete TIN (namba ya mlipa kodi), lete risiti za mashine, na malipo ni baada ya siku 60. Siku 60 mimi nakula nini? Tukajiunga kikundi, tukachukua ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, ambapo 4 ni za wanawake, ndo tukaweza kusubiri hayo malipo. Mwanamke mmoja peke yake hawezi jamani, jiungeni mapema.

— Nina ulemavu wa mguu, niliwekwa stoo kugawa helmeti na buti na kazi niliiweza vizuri tu, kilichonishinda ni choo, kiko mbali halafu ngazi. Niliomba wanirekebishie kwa muda wa miezi mitatu.

— Pole sana ndugu. Dada wa rola, Veta ulilipiwa na mradi?

Hapana mdogo wangu, nililipa mwenyewe. Nilikua naweka hela kila wiki kwa mama mkwe, maana ningekaa nayo mimi ingeishia kwenye unga.