Mrejesho: Darasa la nne, utafiti wa Minnesota na kutaja vyanzo

Niliuliza namna ya kuwafundisha watoto wa darasa la nne kutafiti jimbo lao, Minnesota huko Marekani, bila kunakili na bila kusahau vyanzo. Ahsanteni, ushauri wenu wa kuandika utafiti kwenye kadi umefanya kazi.

Kadi moja, swali moja, chanzo kimoja. Chanzo kinaandikwa kwanza, juu kabisa: mwandishi au taasisi, kichwa, mwaka, ukurasa au anwani ya tovuti. Kikiachwa mwisho, hakiandikwi. Kisha mtoto anasoma, anafunika kitabu, ndipo anaandika kwa maneno yake, yasizidi kumi na tano. Kitabu kikibaki wazi atanakili tu, hata umkataze vipi.

Wengi waliandika "Google" kama chanzo. Dawa yake ni swali moja: "Nani kaandika?" Mtoto analazimika kufungua ukurasa wenyewe na kutafuta jina.

Somo lililonoga ni la idadi ya maziwa ya jimbo, yaani ziwa moja moja. Vibao vya namba za magari vinataja maziwa 10,000. Idara ya maliasili ya jimbo inahesabu 11,842, tena yale ya ekari 10 na zaidi tu. Hapo walielewa kwa nini kadi iseme nani kahesabu, na kwa kipimo gani. Bendera vilevile: jimbo lilibadilisha yake Mei 2024, kwa hiyo vitabu vya maktaba bado vina ile ya zamani. Mwaka wa chapa si pambo.

Katika kuandika chanzo, nukta na mkato sisahihishi kwa umri huu, nasahihisha mpangilio tu. Wikipedia naruhusu waanzie, ila washuke kwenye marejeo ya chini, wasome huko na kutaja huko.