Mjadala: Mwenye michango ya miezi 150 aache kazi akalime zabibu?

Mbukwenyi wakuu.

Jamaa yangu, mhasibu katika taasisi ya umma hapa Dodoma, anaandika barua ya kuacha kazi. Hana kesi, hana ugomvi na bosi, hana hata mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara (kwa mtumishi wa nchi hii, hilo peke yake ni muujiza). Ana miaka 38. Anataka kwenda Mpunguzi kulima zabibu na kuwauzia wenye viwanda vya mvinyo mchuzi wa zabibu (maji yake yaliyokamuliwa). Nikamuuliza kulikoni. Akasema: "Kaka, kazi yangu ni kuhakiki masurufu ya safari za watu. Jioni natoka sijui nimefanya nini."

Ukoo umegawanyika. Wazee wanasema amelewa shibe, vijana wanampigia makofi.

Msimamo wangu: aende, ila si mwaka huu. Ana michango ya miezi 150. Pensheni ya kila mwezi inadai angalau miezi 180, na hulipwi mpaka ufike umri wa kustaafu, 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Kwa hiyo amebakiza miezi 30 ya mfuko ambao yeye anakatwa asilimia 5 na mwajiri anamwekea 15. Na mzabibu nao ukiupanda leo, kabla ya mwaka mmoja na nusu hivi haukupi kitu cha maana. Basi asubirie vyote viwili kwa pamoja. Apande sasa, mshahara ununue nguzo, waya na dawa, na siku barua inapokwenda shamba liwe limeshaanza kuzaa.

Halafu kuna jambo hatulisemi. Walioacha kazi wakatoboa, wengi ninaowajua mimi nyumbani kwao kuna mshahara wa pili. Mume kaacha, mke ni mwalimu. Mke kaacha, mume yuko halmashauri. Tunaonyeshwa picha za banda la kuku. Hati ya mshahara ya mwenza haionyeshwi.

Lakini na wale wa "kazi ni kazi, ridhika" siwaungi mkono. Tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huku kweli kweli, mji umejaa watu wanaoishi kwa kungoja Ijumaa wapande treni ya SGR kurudi Dar. Mtu asiyeutaka mji anaoishi wala kazi anayoifanya, ukimwambia aridhike unamwambia aridhike na nini?

Leteni hoja.

Mama wa Ilazo: Kaka umepiga hesabu za uzeeni, umeruka za kesho asubuhi. Kadi ya bima ya afya ikikoma haikomi ya kwake tu, inakoma na ya mke, watoto na wazazi aliowaandikisha. Wazazi wake wana presha? Wana sukari? Aulize kwanza bei ya dawa zao za mwezi, ndipo aje atuambie habari za furaha.

Mkulima wa Hombolo: Mtoa mada, shamba la kulima kwa simu si shamba. Ukishapogoa na machipukizi yakatoka, mvua ikinyesha usiku dawa ya ubwiri (ukungu wa majani) inataka kupigwa mapema. Ukingoja Jumamosi utakuta majani yana madoa. Kibarua ukimpigia atakwambia "tumeshapiga bosi", kumbe dawa ameiuza. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ukizembea unaumia mara mbili. Na zabibu haina ghala kama mahindi ya Kibaigwa. Ikiiva, kiwanda kisipochukua, unapanga ndoo barabarani na bei anataja mnunuzi. Aje akae shambani au abaki ofisini. Kinachofilisi watu ni nusu huku nusu kule.

Kijana wa Nkuhungu: Mnajadili kuacha kazi! Sisi tuna shahada ya uhasibu ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na tunaendesha bodaboda. Mwambieni aharakishe, Sekretarieti ya Ajira itangaze nafasi. Masurufu nitayahakiki kwa moyo mkunjufu.

Mtoa mada: Nkuhungu, nimecheka, ila hoja yako ni nzito kuliko unavyoiandika. Kiti anachokiona jela kina foleni nje.

Hombolo, ninachosema mimi ni ekari moja, si tano. Na Mpunguzi iko barabara ya Iringa, lami tupu. Anaweza kulala shambani akaamkia ofisini, na wapo wanaofanya hivyo. Dawa atapiga mwenyewe alfajiri. Atachoka, ndiyo, lakini kwa miezi hiyo 30 atajua kama anachopenda ni zabibu au ni kutoiona ofisi. Ni vitu viwili tofauti, na cha pili hakihitaji shamba. Pengine kinahitaji uhamisho tu.

Mama Ilazo, swali lako nimempelekea kama lilivyo. Hajui bei ya dawa za mama yake. Miaka yote zinachukuliwa kwa kadi. Waliotoka kwenye ajira humu, wazazi wenu mnawatibisha kwa utaratibu gani, na kwa mwezi inawagharimu kiasi gani? Tajeni na bei.