Tezi dume: gome la muiri, saw palmetto au dawa ya hospitali?

Kijana_wa_Mzee: Wakuu salaam. Mzee wangu anasumbuliwa na tezi dume, usiku halali. Wiki hii nataka kumnunulia kitu. Nimeonyeshwa vitatu: unga wa gome la muiri (Prunus africana) wa kuchemsha, vidonge vya saw palmetto (mmea wa Marekani wa jamii ya minazi), na tamsulosin ya famasi. Kipi salama na kipi kinasaidia kweli?

Sindano: Mkuu, hujatuambia kitu. Mzee ana miaka mingapi? Nani kasema ni tezi dume? Amepima PSA, kile kipimo cha tezi dume? Ana sukari? Mkojo una damu? Anameza dawa gani nyingine?

Nyasi_Kavu: Mpe muiri, maswali ya nini. Wazee wetu wameutumia, Wafaransa wakaja wakaugeuza dawa ya famasi. Wangeuza kitu kisichofanya kazi?

Mwanamaabara: Wafaransa hawauzi unga, ndugu. Mapitio ya 2002 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Waliotumia muiri waliosema wamepata nafuu walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, na kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19. Madhara yalikuwa madogo, hasa ya tumbo. Ila majaribio yalikuwa mafupi, refu kuliko yote siku 122. Na kilichopimwa ni kiini chenye mafuta kinachotolewa kwenye gome kwa kemikali, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku. Beta-sitosteroli, mojawapo ya viambata vinavyodhaniwa kuleta nafuu, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Chai ya gome ni kitu kingine kabisa, na kipimo chake ni cha kubahatisha.

Saw palmetto mimi ningeiacha. Marekani mwaka 2006 waliwafuatilia wanaume 225 kwa mwaka mzima, haikushinda vidonge vitupu. Mwaka 2011 wakaongeza dozi hadi mara tatu, hali ni ileile.

Mama_Jeni: Acheni niwasimulie ya baba yangu mdogo. Alikuwa anakunywa unga wa gome kutoka kwa muuzaji wa mnadani. Mkojo ukawa wa matone, yeye anasema dawa inasafisha. Akapata mafua, akameza vile vidonge vya kuzibua pua. Usiku huo mkojo ukagoma kabisa. Tumbo chini ya kitovu limejaa kama ngoma, kukaa hawezi, kulala hawezi. Tukampakia bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia, kila tuta analia kama mtoto. Kuwekewa mpira, ikatoka zaidi ya lita. Vipimo vikaonyesha figo zimeanza kuathirika. Muda wote ule hakuna aliyempima!

Nyasi_Kavu: Pole, mama. Lakini hapo kosa ni la vidonge vya mafua, msiusingizie mti.

Mama_Jeni: Na muuzaji wako wa mti alimuuliza anameza nini?

Sindano: Tamsulosin inalegeza misuli, nafuu huonekana ndani ya siku chache. Asimame taratibu, huleta kizunguzungu. Kama anasubiri upasuaji wa mtoto wa jicho, amwambie daktari wa macho mapema. Mleta mada, majibu yangu yako wapi?

Kijana_wa_Mzee: Samahani, nilikuwa kazini. Ana miaka 71. PSA hajapima, jirani ndiye alisema ni tezi. Ana presha, anameza hidroklorothiazidi kila usiku kabla ya kulala.

Sindano: Usiku?! Hiyo ni dawa ya kukojosha! Kabla hujanunua lolote, muulizeni daktari wake kama anaweza kuimeza asubuhi. Na apime PSA na sukari.

Mlinzi_wa_Mlima: Na huo unga umetoka msitu gani? Mti huu uko Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995. Gome likichunwa kuzunguka shina lote, mti unakufa umesimama.

Nyasi_Kavu: Wangu uko shambani, nimepanda mwenyewe. Nachuna upande mmoja, nauacha upone.

Mlinzi_wa_Mlima: Mbegu ulipata wapi? Zangu zilikauka, hazikuota hata moja.

Nyasi_Kavu: Zipande mbichi, usizianike juani.

Kijana_wa_Mzee: Mzee anasema PSA hataki kama ndiyo ile ya kidole.

Mwanamaabara: PSA ni damu tu. Ya kidole ni nyingine, nayo daktari anaweza kuitaka.

Kijana_wa_Mzee: Hiyo ya pili sitamwambia kwanza 😅

Nyasi_Kavu: Miche ninayo, anayetaka anitumie ujumbe.