Gambesoni kwenye mchezo wa panga za sponji: ihesabiwe deraya au isihesabiwe?

Mlinda_Lango
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha mapigano ya zama za kati (panga za sponji, huku Marekani) kinaandika kanuni upya. Hadi sasa deraya (vazi la kukinga mwili vitani) inayohesabiwa ni ya chuma au ngozi ngumu tu: ukiivaa, pigo la kwanza la kiwiliwili halikutoi. Wapo wanaotaka gambesoni, lile koti la kitambaa lililojazwa na kushonwa mistari, nalo lihesabiwe. Hofu yangu, tukikubali watu watakuja na majaketi ya baridi wadai ni deraya. Tuweke vipimo gani?

Fundi_Kitani
Ruhusuni. Sheria ya silaha ya Henry II wa Uingereza, mwaka 1181, iliwataka watu huru wa kawaida wawe na gambesoni, kofia ya chuma na mkuki; deraya ya pete za chuma ilidaiwa kwa wenye mali. Louis XI wa Ufaransa (1461–1483) naye aliagiza makoti ya matabaka 30 ya kitambaa, au angalau 25, pamoja na ngozi ya kulungu. Na si Ulaya tu: wapanda farasi wa Sokoto na Borno walivika farasi wao lifidi, vazi lililojazwa sufi, hii hii tunayotia kwenye mito.

Kuhusu majaketi, msipime unene kwa macho. Ujazo wa poliesta huvimba sentimita tatu, ukiubana unabaki karibu na bure. Mkaguzi abane koti kati ya vibao viwili kifuani, ubavuni na mgongoni, ndipo asome rula. Chini ya milimita 6 likiwa limebanwa, lisihesabiwe. Mistari ya mshono ionekane kwa nje na isiachane zaidi ya sentimita 5, maana ikiachana sana ujazo unateremka kiunoni na mabega yanabaki matupu. Zipu hapana.

Ngao_ya_Kushoto
Historia sawa mkuu, ila mchezo huu unaendeshwa kwa uaminifu: aliyepigwa ndiye anayetangaza. Chuma kinalia, ngozi ngumu inapiga kelele, kitambaa kinameza pigo. Upanga wa sponji ni mwepesi, na mtu aliyevaa matabaka kumi anaweza kupigwa ubavuni asijue, halafu aonekane tapeli bila kosa.

Kwa hiyo ongezeni jaribio la kuhisi. Mvaaji ageuke, mkaguzi ampige kwa upanga mwepesi kuliko zote zinazoruhusiwa, kwa nguvu ya chini inayokubalika, mgongoni, ubavuni na juu ya mkono. Aseme amepigwa wapi. Asipojua, koti hilo lisiingie uwanjani kabisa, hata kama halihesabiwi.

Thamani ya koti lililofaulu iwe pigo moja, na pale tu lilipofunika. Likivaliwa chini ya pete za chuma lisiongeze kitu, maana pete zina haki ya kuwa na kitambaa chini yake. Msinakili kanuni za SCA (Society for Creative Anachronism, chama kingine cha mapigano ya zama za kati): wale wanapigana kwa fimbo za henzirani, na kwao kitambaa kinalinda mbavu za kweli.

Fundi_Kitani
Jaribio hilo naliunga mkono. Koti lililoshonwa vizuri linafaulu, kwa sababu mikono yake ni myembamba: matabaka 8 hadi 10 kiwiliwili, 3 au 4 mikononi. Mikono ikiwa minene kiwiko hakikunjiki na ngao haishikiki.

Tumia kitani au pamba nje, mablanketi chakavu ndani, vyote vifuliwe kwa maji ya moto kwanza, la sivyo koti litarudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Piga mistari kabla ya kukata umbo, kwa sababu mishono inakula upana. Sindano namba 18. Cherehani ya nyumbani ikigoma, shona kwa mkono maungio tu.

Tundu la mkono ndilo linaloharibu makoti mengi. Amri za Louis XI zilitaka liwe kubwa na likae karibu na kola, si juu ya mfupa wa bega. Mshono ukikaa kwenye mfupa, ukiinua upanga koti zima linapanda hadi kidevuni. Kwapani acheni wazi bila kushona; hapo ndipo joto linapopata njia ya kutoka.

Ngao_ya_Kushoto
Na kuhusu joto, andikeni kwenye kanuni kwamba anayefungua koti kati ya mapambano hapotezi haki ya kulihesabu akilifunga tena. Bila hivyo watu watavumilia jua la Julai ili wasipoteze pigo moja, na mtu ataanguka.