HSA (akaunti ya akiba ya matibabu): W-2 ina herufi W, naijaza wapi?

Wadau, W-2 yangu ya 2025 (fomu ya mshahara na kodi ya Marekani), kisanduku cha 12, ina W dola 2,400. Zote zilikatwa kwenye mshahara kabla ya kodi. Dola 600 niliweka mwenyewe kwenye HSA kutoka benki. Bima ni ya mtu mmoja. Nijaze 3,000 mstari wa 2 wa Fomu 8889 (ya kuripoti HSA)?

— Hapana, usijaze hivyo! W ni mchango wa mwajiri pamoja na makato yako ya mshahara. IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) huuhesabu wote kuwa wa mwajiri. Hiyo 2,400 iende mstari wa 9, na 600 tu mstari wa 2. Ile 2,400 haimo tena kwenye kisanduku cha 1 (mshahara unaotozwa kodi), kwa hiyo ukiirudia unajipunguzia kodi mara mbili. Mstari wa 13 (punguzo lako la HSA) usome 600.

— Pia angalia kikomo cha michango cha 2025: 4,300 kwa bima ya mtu mmoja, 8,550 kwa ya familia, kama ulistahili kuchangia HSA mwaka mzima. Ziada isiyotolewa kwa wakati hutozwa asilimia 6 kila mwaka inapobaki humo.

Asanteni. Nisubiri 5498-SA (fomu inayoonyesha michango ya HSA)?

— Usisubiri, mara nyingi hufika Mei. Taarifa ya akaunti yako inatosha.