Wameniosha gari kwa dola 18, asubuhi milango yote minne imeganda. Wabeba boksi wa Minnesota njooni hapa

Wakuu, habari za muda huu. Mods, naomba huu uzi msiuhamishie kule kwa magari. Uacheni hapa hapa kwa diaspora, maana wanaotakiwa kuusoma wako hapa, na mmoja wao namjua kwa sura.

Niko Minneapolis, huu ni msimu wangu wa kwanza wa baridi. Nimezaliwa Makete, kwa hiyo nilipofika nilikuwa na kiburi. Sakitu ya mwezi wa sita naijua, nimeenda shule peku juu ya majani yaliyoganda. Nikawa nawacheka waliotoka Dar. Sasa hivi wananicheka wao, na wana haki.

Jumamosi jua liliwaka kidogo, hewa ikapanda mpaka nyuzi 1 hivi. Wenyeji wote wakatoka kuosha magari, foleni mpaka barabarani. Huku wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na hiyo chumvi inakula bodi ya gari kwa chini kama mchwa, hivyo kuosha si umaridadi, ni kulinda mali. Nami nikapanga foleni. Nikamuuliza kijana wa pale mlangoni, tena mara mbili: usiku kunarudi baridi, hili gari halitaganda? Akasema hakuna shida, tunapuliza upepo mwishoni. Nikatoa dola 18.

Huo upepo wanaousema unapuliza kioo cha mbele na boneti. Kwenye raba za milango haufiki. Kwenye tundu la ufunguo ndiyo kabisa. Hakuna aliyeniambia nikitoka pale nifungue milango yote, nifute raba kwa kitambaa kikavu, niifungue na kuifunga mara kadhaa maji yatoke. Sentensi moja tu hiyo. Ingewagharimu nini?

Jumapili saa 12 asubuhi nashuka kwenda kazini, nyuzi 22 chini ya sifuri. Ufunguo unaingia nusu, unagoma. (Rimoti sina. Yadi iliyoniuzia gari ilinipa ufunguo mmoja mtupu, hiyo nayo nitaifungulia uzi wake.) Dawa ya kupuliza ya kuyeyusha barafu ninayo, niliinunua tangu Novemba kwa ushauri wa wazoefu. Iko wapi? Iko ndani ya gari, kwenye kidroo cha dashibodi. Chekeni tu, mimi nimeshamaliza kulia.

Nikaingia kwenye grupu letu la WhatsApp kuomba msaada. Wa kwanza akasema pasha ufunguo kwa kiberiti cha gesi. Mkuu, ufunguo wangu una chipu kwenye ile plastiki ya juu, ikiungua gari haliwaki kabisa. Wa pili, mzee wa miaka 15 Marekani, akaandika kwa uhakika wote: "Mwagia maji ya moto, dakika moja tu."

Nikapanda ghorofa ya 3, nikachemsha jagi zima, nikashuka, nikamwaga. Na kweli ufunguo ukaingia! Nikazungusha, vitufe vya loki vikapanda vyote, nikamtumia voisi ya kumshukuru kabisa. Kumbe loki ilikuwa shida ndogo. Mlango wenyewe ulikuwa umegandiana na raba kuanzia juu mpaka chini, na yale maji yangu yalikuwa yanashukia humo humo. Nilipovuta haukutikisika. Nikaweka mguu kwenye bodi, nikavuta kwa nguvu za Kikinga zote. Kitasa kikabaki mkononi. Nikateleza juu ya maji yangu mwenyewe, ambayo tayari yalikuwa barafu.

Aliyeniokoa ni mzee wa jirani aliyekuwa anatembeza mbwa. Aliangalia jagi, akaangalia kitasa, hakusema kitu. Akaenda mlango wa nyuma upande wa pili, akausukuma kwa nyonga mara tatu nne. Akausukuma, wakuu, hakuuvuta! Ukitaka kupasua barafu ya kwenye raba unaikandamiza kwanza. Ikalia kama biskuti, mlango ukafunguka. Nikapenya katikati ya viti mpaka mbele, nikawasha hita.

Baada ya dakika 20 mlango wangu ukafunguka kwa ndani. Halafu ukakataa kufunga. Ule ulimi wa loki umeganda ukiwa umerudi ndani, unabamiza na mlango unarudi. Nimeendesha hadi kazini mlango umefungwa kwa kanga niliyopewa na mama, ncha moja kwenye mkono wa mlango, nyingine kwenye kiti cha abiria, na gari linalia ti ti ti njia nzima. Nimechelewa dakika 50, nimeandikiwa pointi ya uchelewaji, na bibi ninayemhudumia alikuwa hajanywa chai yake.

Jioni tundu la ufunguo limeziba kabisa, maana maji ya moto yaliingia ndani zaidi kuliko ya mwanzo. Nikapaka sanitaiza kwenye ufunguo, ileile ya kazini, nikaingiza na kutoa taratibu, likaachia. Spiriti haigandi kwa baridi ya hivyo. Miaka miwili ya korona tulipakana sanitaiza mpaka mikono ikachubuka, na hakuna hata mmoja kwenye grupu aliyeitaja. Hata silikoni ya kupuliza kwenye raba kabla baridi haijaanza nimeisikia Jumatatu, dukani.

Nilirudi pale pa kuoshea. Meneja akanionyesha kwa kidole kibao ukutani kwamba hawahusiki na madhara ya hali ya hewa. Kibao kiko ndani, nyuma ya mashine ya soda. Fundi ananidai dola 160 za kitasa na rangi.

Sasa wewe mzee wa maji ya moto, naona umesikiliza voisi zangu zote na hujajibu hata moja. Sitaki pole. Nataka nusu ya hiyo 160, namba yangu unayo.

Na kama kuna mdau ana fundi wa bei ya kibongo maeneo ya huku, aje PM. Bado napandia mlango wa abiria.